Watu Wasioijua Kesho Yao: Kazi ya Mwandishi wa Riwaya ya Kihistoria

Anayeandika riwaya ya kihistoria huulizwa kwanza kabisa habari ya utafiti: alisoma nini, alikaa na nyaraka muda gani, aliwahoji wazee wangapi. Ni swali la haki, maana riwaya inayokosea mavazi, bei na majina ya miji hupoteza heshima yake mapema. Lakini ukusanyaji wa habari, pamoja na jasho lake lote, si sehemu ngumu ya maisha ya mwandishi huyu. Ugumu huanza siku anapoyaweka madaftari kando na kuanza kuandika, kwa sababu anaketi mezani akiwa na ujuzi ambao hakuna hata mmoja wa wahusika wake aliyekuwa nao: anajua mambo yaliishaje. Dai langu katika mhadhara huu ni kwamba thamani ya riwaya ya kihistoria, kama njia ya kuyaelewa yaliyopita, inategemea uwezo wa mwandishi wa kuuzuia ujuzi huo usivuje ukaingia vichwani mwa watu anaowaandika. Wao waliishi leo yao, wakiikisia kesho kwa kutumia jana waliyoijua, na riwaya isiyowaachia hali hiyo imewanyang'anya kitu cha msingi katika ubinadamu wao.

Nichukue mfano wa Uhehe. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, waliuvamia msafara wa kijeshi wa Emil von Zelewski, yule ambaye watu wa pwani walimbandika jina la Nyundo. Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wenzake na askari wanaopindukia mia mbili. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa alitoroka, akaendelea kupigana kwa kuvizia kwa miaka karibu minne huku kichwa chake kikitangaziwa zawadi ya rupia 5,000, na tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi ili asishikwe. Kitabu cha shule huyaweka matukio haya matatu katika aya moja, na mwanafunzi huyasoma kama ngazi za kuteremkia: ushindi, anguko, kifo. Lakini kati ya Lugalo na kuanguka kwa Kalenga kuna zaidi ya miaka mitatu. Mtoto aliyezaliwa wiki ya Lugalo alikuwa anakimbia na kusema maneno yote siku mizinga ilipoielekea Kalenga. Katika miaka hiyo watu walilima, waliposa, waligombea mashamba na mifugo, na bila shaka walibishana kama Wajerumani wangerudi. Walikuwa na kipimo gani cha kuamulia ubishi huo? Walikuwa na historia yao wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880 walipigana na Wangoni, adui mwenye nguvu kweli kweli, na vita vile viliisha kwa pande zote mbili kuchoka na kuafikiana. Funzo lake lilikuwa wazi: adui mkubwa akionjeshwa uchungu wa kutosha hukubali kuheshimu mpaka. Aliyeamini mwaka 1892 kwamba Wajerumani nao wangelijifunza hilo hakuwa mjinga. Alikuwa akifikiri vizuri kwa ushahidi uliokuwapo. Kilichomponza hakikuwa machoni pake, nacho ni kwamba nyuma ya mamia ya askari wa Zelewski kulikuwa na dola iliyoweza kuleta wengine, na wengine tena, na ambayo kwa fahari yake isingeiacha aibu ya Lugalo ipite hivi hivi.

Mwandishi anayeyajua haya hushawishika kumtia mhusika wake hofu isiyo na chanzo, au kumleta mganga anayeota moto, au mzee anayetikisa kichwa na kusema kwamba mwisho umekaribia. Mzee huyo tunamkuta katika riwaya nyingi mno, na hekima yake ni ya mtu aliyekwisha kusoma sura inayofuata. Najua nitaambiwa kwamba jamii zetu zilikuwa na watabiri wa kweli, na kwamba katika makabila mengi husimuliwa habari za mtu aliyetabiri kuja kwa wageni. Sikatai. Ila utabiri mwingi wa aina hiyo tumeupata kwa watu walioishi baada ya tukio, na kumbukumbu hupenda kuusahihisha utabiri. Tukitaka kuona unabii ulivyokuwa kabla ya matokeo kujulikana, tuutazame ule uliotoka Ngarambe kwa Kinjeketile Ngwale kabla ya vita vya Maji Maji, uliosema kwamba dawa itazifanya risasi za Wajerumani kuwa maji. Maelfu waliuamini kiasi cha kuyaweka rehani maisha yao. Unabii huo ulikosea, na kukosea kwake ni ushahidi kwamba ulitolewa na watu waliokuwa bado wanaisubiri kesho.

Faida ya kuiondoa kesho huonekana zaidi tunapofika kwa watu ambao historia ya kizalendo imeshindwa kujua iwaweke wapi. Merere, mtawala wa Usangu, alishirikiana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa. Tukimtazama kutoka mwaka 1961, ni msaliti, na mwandishi mvivu atamchora akiwa na jicho la tamaa. Tukimtazama kutoka miaka ya 1890, ni mtawala ambaye ukoo wake ulifukuzwa na Wahehe kutoka katika nchi yake. Adui aliyemjua, aliyechoma vijiji vyake, aliishi Kalenga. Mjerumani alikuwa mgeni mwenye bunduki ambaye huenda, kama wageni wengine waliopita, angefanya kazi iliyomleta kisha aondoke. Na historia inatupa fundo gumu zaidi: vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, Wahehe, watu wale wale wa Lugalo, walipigana upande wa Wajerumani. Hoja ya kwamba upinzani wa kwanza uliuzaa wa pili, na wa pili ukauzaa uhuru, haina pa kuwaweka. Mwanahistoria anaweza kueleza kwa takwimu na barua za maofisa. Mwandishi wa riwaya anaweza kufanya zaidi: anaweza kumweka mtu mmoja wa Iringa mwaka 1905, mwenye umri wa miaka thelathini hivi, aliyeiona Kalenga ikiteketea akiwa kijana, na kumwacha aipime dawa ya Ngarambe kwa kipimo cha yale aliyoyaona kwa macho yake. Msomaji akimaliza sura hiyo huenda asimpende mtu huyu, lakini hatalihitaji tena neno msaliti ili kumwelewa.

Katika kazi ya kila siku jambo hili hudai nidhamu ambayo naiona ni ya lazima. Mwandishi anahitaji kalenda mbili. Ya kwanza huonyesha jambo lilitokea lini. Ya pili huonyesha jambo hilo lilimfikia nani, lini, na kwa njia gani. Wengi wetu tuna ile ya kwanza tu. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya vita kwisha Ulaya. Jeshi lake lilikuwa bado linasonga mbele tarehe 11 Novemba, na askari na wapagazi waliendelea kubeba, kuugua na kufa kwa ajili ya vita ambavyo wenyewe walioviwasha walikuwa wameviacha. Riwaya inayoutumia mwezi huo bila kalenda ya pili itaukosa ukatili wake wote. Fedha nayo ni hivyo hivyo. Mpaka mwaka 1904 rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iligawanywa kwa pesa 64; baadaye zikaja heller 100. Kosa la kumpa mchuuzi wa 1899 heller mkononi ni dogo na husahihishika. Kosa kubwa ni kusahau kwamba mwaka ule wa mabadiliko kulikuwa na watu waliodhani wanaibiwa, ambao hawakujua kama sarafu mpya ingedumu au ingetoweka. Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwetu sisi hiyo ni reli iliyoua misafara ya wapagazi. Kwa mpagazi Mnyamwezi wa mwaka 1908 reli ilikuwa uvumi, halafu kibarua cha kulaza mataruma, halafu pengine bahati. Hakuwa na sababu ya kulia.

Vyanzo vyenyewe hutofautiana kwa kipimo hiki, na mwandishi anapaswa kuvipanga kwa umbali wake na matokeo, si kwa wingi wa habari tu. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na wanahistoria kama G. C. K. Gwassa na John Iliffe, walikusanya masimulizi ya Maji Maji kwa wazee waliokuwa bado hai. Ni hazina ambayo hatutaipata tena. Lakini wazee wale walizungumza zaidi ya miaka sitini baada ya vita, wakiwa raia wa nchi huru ambayo kiongozi wake, Julius Nyerere, alikwisha kuvitaja vita hivyo mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kama sehemu ya hoja ya kudai uhuru. Hawakusema uongo, walikumbuka wakiwa wamesimama mahali palipowaonyesha maana ambayo kijana wa 1905 hakuweza kuiona. Upande wa pili tuna tenzi: ule wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy kuhusu Wadachi kutamalaki Mrima, na ule wa Abdul Karim bin Jamaliddini kuhusu Maji Maji. Zilitungwa karibu sana na matukio. Watunzi wake hawakujua kwamba Mjerumani angeondoka baada ya kizazi kimoja, na hilo huyapa maneno yao uzito ambao masimulizi ya baadaye hayawezi kuwa nao, hata pale msimamo wao unapotukera. Vivyo hivyo Safari za Wasuaheli, masimulizi yaliyokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa Göttingen mwaka 1901. Selemani bin Mwenye Chande anaposimulia safari yake ya bara, hodi kwa watawala, hongo, maradhi na hasara, anasimulia kama mfanyabiashara anayetarajia kusafiri tena. Hajui kwamba biashara yake imo katika miaka yake ya mwisho.

Wahakiki wameonyesha jinsi Abdulrazak Gurnah alivyoyatumia masimulizi ya namna hiyo katika riwaya aliyoitoa mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Ninaamini nguvu ya riwaya hiyo imetoka hapo hasa. Yusuf, kijana aliyetolewa kwa mfanyabiashara Aziz kufidia deni la baba yake, anapita katika dunia ya misafara ambayo msomaji anajua itabomoka. Wajerumani wamo pembeni, kama habari, kama jina, kama bendera kwenye kituo cha reli, na wahusika huwazungumzia kwa mchanganyiko wa hofu, kejeli na hadithi za ajabu, kwa sababu ndivyo watu huzungumza juu ya nguvu wasiyoijua bado upana wake. Hakuna mhusika anayesema kwa niaba ya mwandishi wa 1994. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliyoimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na ambayo ilibidi ingoje hadi 1980 kuchapishwa kwa Kiswahili alichoifasiria mwenyewe, inasimulia maisha ya kabla ya ukoloni bila kuyafanya utangulizi wa ukoloni. Ugumba, ulevi, wakwe, kilimo na dawa ndiyo mambo makubwa ya watu wale, na Kitereza, mtu wa misheni aliyejua vizuri sana kilichokuja baadaye, aliwaachia ukubwa huo. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1978, mwelekeo wa hadithi unayajua Mapinduzi ya Zanzibar tangu mwanzo, na mtu anaweza kulihesabu hilo kuwa udhaifu. Lakini Kijakazi, mtumishi anayemtii bwana wake kwa moyo mmoja, hayajui. Utii wake humchosha msomaji na pengine kumwudhi, nao ndio ukweli wa kihistoria ulio mzito kuliko yote kitabuni.

Kuna ubishi wa kujibu. Wa kwanza unasema kwamba mtu hawezi kuufuta ujuzi alionao, na kwamba anayejidai anaandika kana kwamba ni 1905 anajidanganya. Nakubali nusu yake. Uchaguzi wa kuandika juu ya Uhehe badala ya nchi nyingine, juu ya 1894 badala ya 1874, umeshafanywa na mtu anayejua kilichofuata. Kesho imo katika mpango wa kitabu, na haitolewi. Ninachodai kina mipaka: isiwemo katika fikra, usemi na maamuzi ya wahusika. Hilo linawezekana kwa kazi, sentensi kwa sentensi, kama vile mwandishi mwanamume anavyoweza kwa kazi kuandika mhusika mwanamke bila kudai kwamba amekuwa mwanamke. Leo Tolstoy alianza na wazo la kuandika juu ya waasi wa Urusi wa 1825, akajikuta anarudi nyuma hadi 1812, kisha hadi 1805, mpaka alipowafikisha wahusika wake mahali ambapo walikuwa bado hawajui lolote. Nadhani alifanya hivyo kwa sababu ya kisanaa iliyo wazi: uasi wa 1825 ukijulikana mapema, kila tendo la ujana hugeuka kuwa maandalizi yake.

Wa pili hutoka kwa waalimu na kwa wale wanaoamini, kama ninavyoamini mimi, kwamba fasihi ina deni kwa jamii yake. Kama wahusika hawajui vita vyao vilikuwa na maana gani, msomaji atapata funzo gani? Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya 1969, alichagua njia nyingine. Kinjeketile wake anakataa kuikana dawa kwa sababu anafikiria watakaozaliwa baadaye, na mtunzi mwenyewe alitahadharisha kwamba huyo si Kinjeketile wa kihistoria. Naiheshimu sana kazi hiyo, na uaminifu wa tahadhari ile ni mfano kwa sisi sote. Hussein alitaka kulifikiria tatizo la kiongozi na imani ya umma, akatumia 1905 kulifikiria. Mwandishi akitaka hivyo, na aseme hivyo. Ila funzo lililo adimu zaidi tunaweza kulipata pale ambapo hatuambiwi lolote. Hatujui leo ni ipi kati ya habari tunazozisikia ni Lugalo na ipi ni Kalenga. Msomaji aliyekaa kurasa mia nne na watu walioamua katika giza anajizoeza kuitazama hali yake mwenyewe kwa makini, jambo ambalo hadithi ya mashujaa waliokuwa na hakika haiwezi kumfanyia.

Ubishi wa tatu ndio mzito, na sitaki kuupita haraka. Unasema kwamba njia hii huwasamehe wakosaji: kama kila mtu alitenda kwa kadiri ya alichokijua, basi mwenye watumwa hana kosa, na aliyemtumikia mkoloni hana la kujibu. Jibu langu ni kwamba kutoijua kesho si kutolijua baya. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1904 ilisema watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia 1906 watakuwa huru, na utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Mtumwa wa Bagamoyo wa mwaka 1890 hakuzijua sheria hizo, wala hakuzihitaji ili kujua kwamba ametendewa vibaya. Bwana wake naye aliishi nyumba moja na macho yaliyojua hivyo. Riwaya inayobaki ndani ya 1890 haimsamehe. Humwonyesha akilikwepa jambo lililo mbele yake, na hiyo ni hukumu kali kuliko ile ya kumpima kwa sheria ambayo haikuwapo.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kujulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alikuwa katika jeshi la Wajerumani akiwa mtoto bado wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mishahara yake na ya baba yake ambayo haikulipwa, na akakataliwa. Alifundisha Kiswahili, aliigiza katika filamu za kuutukuza ukoloni, aliomba nishani ya waliopigana vitani, akanyimwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1944 akafia katika kambi ya Sachsenhausen. Katika riwaya ya Gurnah ya 2020, Afterlives, maisha ya Ilyas yanafanana sana na haya. Mtu anayeanzia Sachsenhausen na kurudi nyuma atamwona Husen kuwa ama mpumbavu ama kibaraka aliyelipwa alichostahili, na wote wawili ni wahusika wepesi kuandika. Anayeanzia 1929 ana kazi nyingine kabisa. Lazima ajue wanajeshi wa zamani wa makoloni waliongea nini mjini Berlin mwaka ule, ni ahadi zipi za malipo zilikuwa zimetolewa kwa askari na zipi zilikuwa zimetimizwa, nauli ya meli ilikuwa kiasi gani, na ni nani Dar es Salaam chini ya Waingereza angemwajiri mtoto wa askari wa Wajerumani na kwa mshahara gani. Lazima pia ajue ni mambo gani mabaya yalikuwa yamekwisha kuonekana wazi mwaka ule, maana mengine yalikuwapo, na Husen mwenyewe alikuwa ameyaona vitani akiwa na umri wa miaka kumi na kitu. Akiyapata haya yote ndipo anapoweza kuandika ombi lile la mishahara kama lilivyoandikwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kutegemea kulipwa.